Bitwarden: Kabati Moja la Nywila Zangu Zote

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuwasilisha ritani za kodi katika saiba iliyo karibu na River Road, Nairobi, na kila tarehe 30 Juni inapokaribia huwasikia wateja wakitaja nywila zao kwa sauti mbele ya foleni nzima. Wengi wana nywila moja tu ya iTax (mfumo wa kodi), eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na baruapepe. Nami nilikuwa hivyo, mpaka taarifa za wateja wa duka moja la mtandaoni zilipovuja, na mtu asiyejulikana akaifungua baruapepe yangu kwa nywila ileile. Hapo ndipo nilipoanza kutumia Bitwarden, programu ya kutunza nywila, na sasa nimeitumia kwa miezi 14.

Programu hii ilianza mwaka 2016, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na toleo la bure halikuwekei kikomo cha nywila wala cha vifaa. Hukutungia nywila ndefu ya kila akaunti, kisha huzifumba zote kwenye kifaa chako kabla ya kuzituma, hivi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Lakini kilichonishawishi hasa ni jambo ambalo sikulitarajia: siku moja nilifungua kiungo kilichonipeleka kwenye ukurasa uliofanana kabisa na wa benki yangu, nami nikashangaa kwa nini programu hainijazii nywila. Nilipotazama vizuri nikaona anwani imezidi herufi moja, na programu hujaza nywila pale tu anwani inapolingana na ile iliyohifadhiwa. Jicho langu lilikuwa limekwisha kudanganyika.

Kasoro niliyoiona ni kwamba fungu la maneno inalokutungia litumike kama nywila ni la Kiingereza, na nywila kuu, ile inayofungua kabati lote, ukiisahau kampuni haina namna ya kukurudishia. Kwa hiyo yangu niliitunga mwenyewe kwa kamusi ya Kiswahili, nikirusha dadu ili zinichagulie ukurasa na neno, mara sita. Mteja mmoja aliniuliza kama methali ingefaa, kwa kuwa ni ndefu na haisahauliki. Haifai hata kidogo, maana maneno ya methali yamekwisha kupangwa na kila mtu anayajua, wakiwemo wezi. Nguvu ya maneno sita hutokana na kutohusiana kwake.

Hatua ya pili ya uthibitisho, inayoombwa baada ya nywila, nimeiweka kwenye programu ya simu inayotoa tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30, wala sitegemei ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake, ujumbe huo humfikia yeye. Pia sifungui Bitwarden kwenye kompyuta za saiba, hata ile ninayoitumia kila siku, kwa kuwa sijui nani ameweka nini ndani yake. Msimbo wa dharura, unaotumika simu ikipotea, nimeuandika kwa kalamu na kuuweka nyumbani pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, na dada yangu anajua ulipo.