Alama ya kijani iliyonidanganya: uzoefu wangu na huduma ya kukompaili programu

Nilipokaa kuandika tathmini hii nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu haki ni haki: seva zao zina kasi, malipo wanayapokea kwa simu na kwa shilingi, na mtu aliyeko Mtwara hahangaiki kutafuta kadi ya kulipia dola ili programu yake ikompailiwe, yaani msimbo alioandika ugeuzwe kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Kwa miezi kadhaa nimewasifu mbele ya wenzangu. Hata hivyo, kila ninapokumbuka yaliyonipata katika msimu uliopita wa korosho, mkono unakuwa mzito kuziandika nyota hizo.

Ninatengeneza programu inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya ghala na kuuingiza kwenye kumbukumbu za mkulima. Programu hiyo hukaa ndani ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, ilhali laptopu yangu na seva zao zina prosesa za x86-64. Amri za prosesa moja hazieleweki na nyingine, kwa hiyo programu iliyokompailiwa kwa ajili ya hii haiendeshwi na ile. Ndiyo sababu nililipia kifurushi kinachoahidi kukompaili programu pamoja na majaribio yake (programu ndogo za kuhakiki kwamba msimbo unafanya kazi) kwa kila aina ya prosesa anayoichagua mteja, kisha kuyaendesha majaribio hayo na kutoa matokeo. Nilichagua aina zote mbili. Kila nilipotuma msimbo mpya nilipata alama mbili za kijani, ishara kwamba majaribio yamefaulu kwa kila prosesa, nami niliziamini.

Siku moja, mnada ukiwa umekaribia, nilipigiwa simu kutoka kwenye ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Tandahimba kwamba skrini imeganda. Nilipofika nilikuta magunia yamepangwa hadi nje na wazee wamekaa kivulini. Nilipowaamkia, mmoja wao aliitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mashine yako imelala, na sisi tuko hapa tangu alfajiri." Upole ule uliniumiza kuliko kama angenifokea. Huku kwetu mkulima anaposimama mbele ya mizani amesimama na jasho lake la mwaka mzima, na wengi wamewahi kupunjwa kiasi kwamba mashine ikiganda hata kwa dakika kumi tayari watu wanaanza kutazamana.

Chanzo nilikipata usiku ule. Katika lugha ya C kuna aina ya data iitwayo char, ambayo kwa kawaida kwenye mfumo endeshi wa Linux wa x86-64 hubeba namba kuanzia -128 hadi 127, lakini kwenye Linux ya ARM hubeba kuanzia 0 hadi 255. Msimbo wangu ulikuwa ukihifadhi kila baiti ya mizani ndani ya char, kisha ukisubiri -1 ili ujue kuwa data imekwisha. Kwenye ARM hiyo -1 hugeuka kuwa 255, ulinganisho haukubali kamwe, na programu huzunguka bila kikomo. Waya wa mizani ulikuwa umechomoka kidogo tu, nayo ikaanza kuzunguka. Kosa la msimbo lilikuwa langu na nimelirekebisha kwa kutumia int, aina ya data yenye nafasi kubwa zaidi inayoweza kubeba -1 kwenye prosesa zote mbili. Lakini nilikuwa na jaribio la hali hiyo hiyo, la data inayokatika, na lingeendeshwa kwenye ARM hata mara moja lingekwama palepale.

Halikuwahi kuendeshwa. Nilipakua faili la majaribio walilolipa jina la ARM, nikalipima kwa readelf, zana inayoonyesha faili limekompailiwa kwa prosesa gani, na kwenye mstari wa aina ya mashine nikasoma x86-64 pale palipotakiwa kuwa AArch64, yaani ARM ya biti 64. Programu yenyewe walikuwa wameikompaili ipasavyo kwa ARM. Majaribio, kwa kuwa yana skripti yake ya pembeni, yalikuwa yakiita gcc (kompaila, yaani programu inayokompaili) ya seva yao bila kutazama chaguo la mteja. Tiba yake ni mistari michache: kuita aarch64-linux-gnu-gcc, kompaila ya ARM, kisha kuliendesha faili hilo kupitia QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine. Skripti hiyo wameifunga, mteja hawezi kuigusa.

Niliwapigia simu Dar es Salaam nikiwa bado na utulivu. Kijana aliyepokea alinisikiliza nusu, halafu akasema, "Kaka, huko Mtwara ARM mnaitaka ya nini? Wateja wengine wote hawajalalamika. Alama si ya kijani? Unataka nini zaidi?" Nilipomtajia faili na matokeo ya readelf, alinijibu nitafute fundi wa kunifundisha kusoma faili, akakata simu. Nimelirudia swali lile kichwani mara nyingi. Aliyeuliza ARM tunaitaka ya nini alikuwa ameshika, bila shaka, simu yenye prosesa ya ARM.

Sasa nimeandika skripti yangu mwenyewe. Kila prosesa ina folda yake na kompaila yake, na kabla ya jaribio lolote kuanza skripti husoma namba ya mashine mwanzoni mwa faili, ambayo ni 62 kwa x86-64 na 183 kwa AArch64. Isipolingana na jina la folda, kazi yote husimama. Majaribio ya ARM hutumwa kwenye Raspberry Pi iliyoko hapa nyumbani Shangani, Mtwara. Ni ya polepole, na umeme ukikatika nasubiri. Nilipoijaribu kwa msimbo ule wa zamani, laptopu ilipita, Raspberry Pi ikakwama hadi muda niliouweka ukaisha, na alama nyekundu ikatokea. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu.

Nyota tatu nimezifuta. Nilitaka kubakiza moja kwa ajili ya kasi ya seva zao, lakini nayo naiondoa, kwa sababu kilichonifikia kwa kasi hiyo kilikuwa jibu la uongo, na waliolilipia kwa kusubiri tangu alfajiri ni wazee wa Tandahimba.