Friza ya kegi niliyoijenga mwenyewe, uzoefu wangu baada ya miezi 14

Nimekaa na hii friza yangu ya bia miezi 14 sasa, koki 3 mbele, kegi 4 ndani (mapipa ya chuma ya kuwekea bia), na kabati la mbao limeizunguka lenye sehemu ya glasi na vifaa, na kiukweli katika vitu vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono yangu hiki ndo nakitumia zaidi. Naandika saa hizi maana nilipokuwa naanza nilitamani sana nimpate mtu aliyeishi nayo muda mrefu, sio aliyemaliza jana akapiga picha ikiwa bado inang'aa.

Kilichonisukuma ni chupa. Mzigo wangu mmoja wa bia ya nyumbani ni lita 19, hizo ni chupa 38 za nusu lita, kila moja uioshe, uipitishe kwenye dawa, uijaze, uizibe, alafu ukae wiki 2 au zaidi ukisubiri ipate gesi. Kegi inabeba zote kwa mkupuo mmoja. Hizi kegi nyembamba ndefu za chuma cha pua asili yake ni za soda, ndo maana zipo za aina 2, zile unazobonyeza kiunganishi kinajifunga zilikuwa za Pepsi na zile za kubonyeza na kuzungusha zilikuwa za Coca-Cola. Chagua aina moja ubaki nayo, viunganishi vyake haviingiliani.

Kwenye friza nilichukua ile ya kulala, ya kufungukia juu. Hewa ya baridi ni nzito, inalala chini, ukifungua mfuniko haimwagiki miguuni kama kwenye friji ya kusimama. Usinunue kwa kuangalia lita zilizoandikwa kwenye karatasi, hizo hazikwambii umbo la ndani. Mimi nilikata duara 4 za boksi, kila moja sentimita 23 maana kegi yenyewe ina kama 22, nikaenda nazo mkononi nikazipanga ndani ya kila friza kabla ya kulipa, na friza ya kwanza niliyokuwa nimeipenda ikagoma kwa sentimita 2 tu. Kumbuka pia ile nundu ya ndani, pale kompresa ilipokaa kwa chini, kegi haisimami juu yake lakini mtungi wa gesi unakaa vizuri kabisa.

Sasa koki zinapita wapi? Sio kwenye ukuta wa friza, nakuomba. Ndani ya zile kuta kuna mirija ya shaba au chuma iliyobeba gesi ya kupozea, haionekani kwa nje, ukitoboa moja friza imekufa hapo hapo. Kinachofanyika ni kuweka kola ya mbao, fremu ya pande 4 inayokaa katikati ya mwili wa friza na mfuniko wake, na koki zinatobolewa kwenye hiyo mbao. Yangu ina kimo cha sentimita 20, ndani nimebandika stairofomu ngumu ya kuzuia joto, ya sentimita 5, isipokuwa pale koki zinapopita ambapo nimeipunguza. Tundu la koki ni milimita 22, tumia ile bladi ya duara ya kukatia matundu, piga kutoka mbele mpaka ncha ya katikati itokeze nyuma, alafu malizia kwa nyuma, mbao haichaniki.

Kola niliifunga kwenye mfuniko, sio kwenye mwili. Yaani nikifungua, mfuniko na kola na koki vyote vinanyanyuka pamoja, na mdomo wa friza unabaki kwenye kimo chake cha zamani. Kegi iliyojaa ina kama kilo 24, kuinyanyua kupita ukuta ulioongezwa sentimita 20 ni kazi ya kuumiza mgongo na huna pa kuegemea, kwa hiyo uamuzi huu nausifu kila nikibadilisha kegi. Bawaba zinabeba uzito zaidi kwa hiyo nimeweka na mkono wa kuzuia mfuniko usirudi. Chini ya kola, pale inapogusa mwili wa friza, nimezungusha mpira wa kuzuia hewa, ule wa milango, na nikajaribu kwa karatasi: unafunga mfuniko umeibana karatasi, unaivuta, ikitoka kirahisi pana mwanya. Pembe ya nyuma kulia ilitoka kirahisi mara 3 kabla sijaridhika.

Kabati ndo lilinipa somo zito kuliko yote. Nilitaka lionekane kama samani ya sebuleni, plaiwudi pande zote, rafu ya glasi upande mmoja, droo 2 za viunganishi na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) na spana, chini magurudumu yenye breki (tafuta yanayobeba mzigo kwelikweli, ukijumlisha kegi 4 zilizojaa, mtungi, mbao na friza yenyewe unapita kilo 150). Nilipima kwa makini, nikaibana friza ndani ya plaiwudi, hata kidole hakipiti. Ilipendeza sana. Siku ya tatu nikaanza kusikia harufu ya vanishi kama imepashwa moto, na kompresa inaunguruma asubuhi, mchana, usiku, haipumziki. Jirani yangu anatengeneza majokofu, nikamwita, akaingiza kiganja kwa shida kati ya mbao na friza akakitoa haraka akaniambia "kaka, hii inatolea joto ubavuni, umeifunika na blanketi." Nikaweka mkono na mimi. Bati la ubavuni lilikuwa la moto kama pasi iliyozimwa muda si mrefu.

Kumbe friza nyingi za kulala hazina ule wavu mweusi wa nyuma kama friji za zamani, mirija ya kutoa joto imebandikwa kwa ndani ya bati la nje, kwa hiyo ukuta wenyewe ndo unaotoa joto. Baridi iliyoko ndani ni joto lililohamishiwa nje, na likikosa pa kwenda linarudi. Nilibomoa. Iliniuma maana gundi ilishashika na upande mmoja wa plaiwudi ulipasuka, lakini nikajenga upya na nafasi ya sentimita 8 kila ubavu, nyuma wazi kabisa, chini nimeacha uwazi wa hewa kuingia na juu matundu ya kutokea, na pale kompresa ilipo nimeweka wavu badala ya mbao. Rafu ya glasi imehama, sasa inasimama pembeni kama kipande chake peke yake kilichoungwa kwa skrubu 4. Kompresa siku hizi inawaka dakika chache inakaa kimya muda mrefu. Kama kuna sehemu moja ya maandishi haya utaibeba, beba hii: jenga kabati kuizunguka friza, usiivalishe.

Themostati ya friza haitakusaidia, yenyewe imezaliwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na bia itaganda. Unanunua kidhibiti cha nje, kinachomekwa kwenye umeme na friza inamekwa kwake, kina waya wenye sensa unaoingia ndani. Nimekiweka nyuzi 4, tofauti nyuzi 1, na kuchelewesha kompresa dakika 5 ili isiwake na kuzima ovyo. Sensa usiiache ining'inie hewani. Hewa inabadilika kila ukifungua mfuniko, bia haibadiliki haraka hivyo. Mimi nimeibandika ubavuni mwa kegi katikati ya kimo chake, juu yake kipande cha sponji na utepe, basi.

Gesi sasa. Mtungi wangu ni wa kilo 2 na ushee wa kaboni dayoksaidi, unaenda kwa regulata (kifaa cha kushusha presha ya gesi), unatoka hapo kwa mpira mmoja, unagawanyika mara 4, kila tawi na koki yake ndogo ya kufunga. Nilifunga kila kitu jioni, nikaweka presha ya psi 12, nikalala nikiwa na furaha, asubuhi mshale uko sifuri. Mtungi mzima umeisha kwa usiku mmoja. Nilichukua mtungi mwingine na chupa ya maji ya sabuni, nikapuliza kila kiungo kimoja kimoja nikiwa na tochi, na pale nati kubwa ya regulata inaposhika mtungi nikaona kipovu kimoja kidogo kinakua, kinapasuka, kinaanza kingine, taratibu tu kama kinapumua. Washa, ile pete ya kuziba kiungo, ya plastiki nyeupe, ilikuwa bado kwenye kifuko chake droo ya kwanza. Kitu cha ukubwa wa kitufe cha shati. Tangu hapo sifungi mfuniko kabla ya sabuni, na oringi za kegi nazipaka grisi ya kwenye vyombo vya chakula, hasa ile kubwa ya mdomo.

Alafu msidanganywe na ile geji ya pili ya kwenye regulata, inayosoma presha ya mtungi. Gesi hii mle ndani iko kama kimiminika, kwa hiyo presha inafuata joto, sio kiasi kilichobaki: kwenye nyuzi 20 inasoma kama baa 57, ukiuingiza kwenye friza inashuka mpaka kama 38 na mtungi bado umejaa. Inabaki hapo hapo mpaka tone la mwisho la kimiminika, ndo inaanguka ghafla. Ukitaka kujua kilichobaki, pima mtungi kwenye mizani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu yake.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na friza ya kulala ni shimo lisilo na mlango wa chini. Ikivuja inajaa mle kama maji kwenye beseni, huioni. Nikikuta mshale umeshuka naacha mfuniko wazi, nafungua madirisha, nasubiri, na kamwe siingizi kichwa ndani kutafuta uvujaji. Ukisikia pua inachoma kama umevuta soda, rudi nyuma.

Wiki 2 za kwanza nilikuwa nakunywa povu. Glasi ya kwanza kila jioni robo tatu nyeupe. Sababu zilikuwa 2 na nilizichanganya kwa muda. Ya kwanza mpira wa bia ulikuwa mfupi, mita 1.2, upana wa tundu lake kwa ndani kama milimita 5. Bia inasukumwa na psi 12, kama njia ni fupi inafika kwenye koki ikiwa na haraka zake zote na gesi inafumuka. Nikaweka mita 3 za mpira ule ule, nikaukunja juu ya kegi, bia ikaanza kushuka kwa utulivu. Watu wengi wanapunguza presha badala ya kurefusha mpira, inaonekana imesaidia siku 2, 3, alafu bia yenyewe inapoteza gesi inakuwa bapa. Ya pili ni joto: chini ya friza nilipima nyuzi 3, kwenye kola nyuzi 9, kwa hiyo bia iliyolala kwenye koki ilikuwa na joto. Feni ndogo ya kompyuta ya sentimita 12, imefungwa kwenye bomba la plastiki linalovuta hewa ya chini na kuipuliza juu kwenye koki, ilimaliza kazi. Sasa tofauti haifiki nyuzi 2. Glasi ya kwanza ina povu la vidole 2, linatosha.

Koki nilianza na za bei nafuu za shaba iliyopakwa rangi ya fedha, zile zinazofungia nyuma. Ukikaa siku chache bila kuzitumia bia inakauka ndani na mkono unagandia, siku moja niliuvuta kwa nguvu nikahisi kola nzima inacheza. Nimebadilisha zote 3 kwa za chuma cha pua zinazofungia mbele, bia haibaki mdomoni, hazigandi. Hapa ningetumia pesa tangu mwanzo na kubana kwingine.

Unyevu upo. Kila ukifungua hewa yenye mvuke inaingia inakuwa maji, mwezi wa 2 nilikuta ukungu mweusi kwenye kona ya mbao kwa ndani. Nimeipiga msasa, nikapaka rangi ya kuzuia maji, na sasa kuna boksi la chembe za kunyonya unyevu juu ya nundu, rangi ikibadilika nazikausha narudisha. Chini napangusa kwa taulo kila nikibadilisha kegi.

Mipira ya bia naisafisha kila wiki 2, dawa ya kuosha kwanza, maji, alafu dawa ya kuua vijidudu, dakika kama 40 kwa koki zote. Mara moja nilivusha wiki 5 na bia nyepesi ya dhahabu ikaanza kuonja kama siagi iliyokaa, wakati kegi yenyewe ukiionja kutoka kwenye mdomo wake ilikuwa safi kabisa. Nilikata mpira ule nikautupa.

Ingekuwa leo ningetoboa tundu 4 badala ya 3. Kegi ya nne inakaa tu pale ikipoa inasubiri zamu, na kola nafasi inayo, wiki ijayo natoa bladi yangu ya milimita 22.