Kompyuta ya sebuleni isiyokula umeme mwingi: uzoefu wangu na Intel N100

Niseme mapema kwamba nimeridhika. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 ndiyo inayoendesha TV ya sebuleni kwetu hapa Dar, na sioni sababu ya kurudi kwenye ile kubwa ya mezani wala ya kununua kisanduku cha Android. Ila naomba nieleze kwa nini, kwa sababu watu wengi wanaochagua mashine ya sinema ya nyumbani huangalia mambo mawili tu: wati zilizoandikwa kwenye boksi, au kama prosesa ni i5 ama i7. Kwa njia zote mbili unaweza kurudi nyumbani na mashine inayokwama ukiweka filamu ya 4K. Kinachookoa umeme ni sehemu moja ndogo ndani ya chipu, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kufungua video.

Filamu yoyote uliyonayo kwenye diski imebanwa. Za zamani zimebanwa kwa mtindo uitwao H.264, za 4K mara nyingi ni HEVC, na YouTube inatumia VP9 na AV1. Chipu ikiwa na sakiti maalumu ya aina hiyo ya video, inaifungua kwa wati chache na prosesa yenyewe inakuwa kama haina kazi. Isipokuwa nayo, prosesa nzima inabeba mzigo. Hapo ndipo feni inapoanza kuvuma, joto linapanda, na picha bado inarukaruka.

Nimepima hili nyumbani kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani. Kompyuta yangu ya mezani ina i5 ya kizazi cha nne, mashine nzuri tu kwa kazi za ofisi. Ikitulia inakula wati 35 hivi. Nikiweka filamu ya 4K ya HEVC ya biti 10 (yenye ngazi nyingi za rangi kuliko biti 8), mita inapanda hadi 85, na kamera ikizunguka taratibu kwenye mandhari unaona kabisa picha inavyokatika. Filamu hiyohiyo kwenye N100 inakwenda laini kwa wati 12, na ikitulia inashuka hadi 7. Hizo ni za mashine nzima kutoka ukutani, pamoja na zinazopotea kwenye adapta.

Ukitaka kujua mashine yako inafanya kipi kati ya hayo mawili, huhitaji mita. Fungua filamu kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu, kisha bonyeza herufi O kwenye kibodi. Yanatokea maandishi juu ya picha yakionyesha jina la kodeki (kinachofungua video), ukubwa wa video na kazi ya prosesa. Mwishoni mwa jina la kodeki ukikuta HW kwenye mabano, sakiti maalumu ndiyo inayofanya kazi. Ukikuta SW, prosesa inahangaika peke yake. Mimi sasa siwezi kununua kompyuta ya sinema bila kuona herufi hizo mbili kwanza. Nabeba Kodi kwenye flashi pamoja na kipande cha filamu ya 4K, nawasha dukani hapohapo.

Muuzaji mmoja Kariakoo alinishikilia sana.

"Kaka, chukua i7 hii, hutajuta. Hizo N100 ni za wanafunzi."

"Kizazi cha ngapi, ndugu yangu?"

"Cha nne. Lakini ni i7!"

Nilimshukuru, nikasonga mbele. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo soko linavyouza. Lakini i7 ya kizazi cha nne haina kabisa sakiti ya HEVC, sawa na i5 yangu. Kwa Intel, kizazi cha sita kinafungua HEVC ya biti 8 tu. Cha saba ndicho kilicholeta HEVC ya biti 10 na VP9 kikamilifu. AV1 ilianza na kizazi cha 11, mwaka 2020. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023 na inafungua zote hizo. Ina viini vinne vidogo, haina mbwembwe, na Intel wenyewe wanaiwekea kiwango cha wati 6. Kwa kuhariri video au michezo mizito haifai, na mimi sikuinunua kwa hayo.

Sasa tuzungumzie pesa, maana hapa ndipo matangazo yanapotia chumvi. Sisi tuko daraja la bei la T1, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiongeza kodi na tozo inafika kama 356. TV kwetu inawaka kama saa sita kwa siku. Kompyuta ya mezani ikicheza video muda wote huo inakula uniti 15 kwa mwezi, yaani shilingi 5,400 na kitu. N100 inakula uniti 2 na kidogo, haifiki hata 800. Tofauti ni kama shilingi 4,700 kwa mwezi. Mashine yenyewe nilinunua laki nne kasoro. Kwa bili ya LUKU peke yake, itachukua zaidi ya miaka sita kurudisha fedha hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia ununue kompyuta ndogo ili bili ishuke, mwambie apige hesabu tena.

Hesabu inabadilika kwa aliyeko D1, daraja la wanaotumia umeme kidogo. Huyo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, lakini kwa uniti 75 za mwanzo tu. Zikivuka hapo ni 350. Uniti 15 za kompyuta moja ni moja ya tano ya mgawo wake wote wa mwezi, na friji bado haijawashwa. Kwa nyumba ya namna hiyo, wati zina uzito kweli.

Sababu yangu kubwa ni betri. Mwishoni mwa 2023, tulipokuwa kwenye mgao, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuwashwa mwaka uliofuata, tulifunga sola, inveta na betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Mgao ulipita lakini umeme bado hukatika, na betri ipo. Kwa maandishi ina Wh 1,200, yaani wati 1,200 kwa saa moja, ila betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, basi hesabu 600. TV yetu ya inchi 43 inakula wati 70. Ukiiunganisha na kompyuta ya mezani kwenye HEVC ni 155, na inveta nayo inachukua chake, kwa hiyo unapata saa tatu na ushee. Ukiiunganisha na N100 ni 82, unapata saa sita. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mechi kuisha ukiwa unaiona na kuhangaika na simu dakika ya 70 huku watoto wanauliza nani kafunga.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. N100 nyingi za namna hii zinatumia adapta ya volti 12, wakati kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika zinataka 19 au 20. Ya kwangu naiendesha moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia inveta. Tahadhari moja tu: usiunganishe waya mtupu. Betri ikichajiwa inapanda hadi volti 14.4, na ikichoka inashuka chini ya 12. Weka kidhibiti kinachopandisha na kushusha volti ili itoke 12 wakati wote, na fyuzi karibu na betri. Fundi wa sola anayejua kazi yake atakufungia kwa muda mfupi.

Nilifikiria pia Raspberry Pi, na bado naipenda. Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, inafungua HEVC ya 4K kwa sakiti, na inakula umeme kidogo zaidi. Kitu kizuri kwake ni kwamba rimoti ya TV inaiendesha kupitia waya wa HDMI bila kununua chochote. Lakini VP9 na AV1 haina, na hata H.264 inafunguliwa na prosesa. Tena inataka adapta yake ya volti 5 na ampea 5, kasha, feni na kadi. Ukijumlisha vyote bei inaikaribia N100. Kama maktaba yako yote ni HEVC na huna habari na YouTube ya 4K, ichukue kwa amani.

Visanduku vya Android vya bei ya chini visivyo na jina, mimi hapana. Vimebandikwa 8K ubavuni, na baadhi vimekutwa na programu haribifu tangu kiwandani. Juni 2025 hata FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa, visanduku vya TV vikiwemo. Kitu kama hicho sitakiunganisha kwenye intaneti ambayo mke wangu anaitumia kufanya miamala ya benki.

Kwenye mashine yangu nimeweka LibreELEC, mfumo mdogo ambao kazi yake ni kuwasha Kodi na kutokukusumbua. Unaiandika kwenye flashi, unaisakinisha, inawaka haraka na haiulizi maswali. RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. Filamu ziko kwenye diski ya nje ya inchi 2.5 inayolishwa na USB, maana zile za inchi 3.5 zinataka adapta yake na wati zaidi. Mtandao nimevuta waya. Wi-Fi ya ndani ilikuwa inanisumbua kwenye faili kubwa za 4K, na sikuona haja ya kubishana nayo wakati ruta iko mita chache tu.

Mipangilio mitatu imenifaa zaidi ya yote. Wa kwanza ni kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla mfumo haujawaka: iambie mashine ijiwashe umeme ukirudi. Kwa mazingira yetu huo ni wa lazima, la sivyo kila umeme ukikatika mtu anainama nyuma ya TV kutafuta kitufe. Wa pili ni ukomo wa wati. Ingawa Intel wanataja 6, watengenezaji wengi huruhusu chipu ipande mbali zaidi. Nimeifunga kwenye 10, picha haijabadilika hata kidogo na feni imetulia. Wa tatu uko ndani ya Kodi: iruhusu ibadilishe kasi ya kioo ifuate video. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, matangazo mengi ya mpira yana 25 au 50, na TV ikibaki kwenye 60 kila kitu kinakwenda kwa kuchechemea. Angalia mpira wa krosi unavyosafiri kutoka winga hadi kwenye boksi kabla na baada ya kubadilisha hapo. Hutahitaji mtu akueleze.

Kasoro zipo. HDMI ya kompyuta hizi kwa kawaida haipokei amri za rimoti ya TV, kwa hiyo nimenunua rimoti ndogo yenye kipokeaji cha USB. Mama mkwe aliizoea siku ileile, lakini bado ni rimoti ya pili mezani. Feni ni ndogo mno, na kwa vumbi letu inaanza kulia kama mbu usipoisafisha. Zipo N100 zisizo na feni, nazo ni kimya kabisa, ila kwa joto la Dar la Januari na Februari, tena ndani ya kabati la TV, nisingethubutu. Netflix nayo, kwenye Linux, ambayo ndiyo msingi wa LibreELEC, haikupi ubora uleule wa Windows. Kwa hilo tunatumia programu iliyomo ndani ya TV yenyewe, na kompyuta inabaki na kazi ya maktaba yetu na YouTube.

Kama bajeti ni finyu, kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zile Tiny za Lenovo au Micro za Dell, ni chaguo la heshima. Chukua kizazi cha saba kwenda juu, chenye herufi T mwishoni mwa jina la prosesa, yaani zile za wati 35. Angalia matundu ya nyuma: nyingi za kizazi hicho zina HDMI 1.4, inayoishia fremu 30 kwenye 4K, kwa hiyo utatumia DisplayPort, tundu jingine la picha, na kigeuzi. Za kabla ya kizazi cha 11 AV1 hazina, lakini kwenye kivinjari unaweza kuweka kiongezi kinachoizuia na YouTube ikakuletea VP9. Zimejengwa imara kuliko yangu, hilo nakubali. Kinachonishinda ni ile adapta ya volti 20 inayonirudisha kwenye inveta.

Tangu 2025 madukani kuna N150 pia. Inakimbia hadi 3.6 GHz badala ya 3.4, na kwa upande wa kufungua video ni ileile. Ukiikuta kwa bei sawa na N100, ichukue. Ikizidi hata elfu thelathini, chukua N100 na hiyo elfu thelathini ikanunue kidhibiti cha volti na fyuzi.