Uzoefu wangu: upanga wa kale wa Kijapani kwa yen 260,000

Kama una hamu ya upanga wa kale wa Kijapani na huna pesa nyingi, nunua wakizashi, achana na katana. Nimezunguka maduka ya Tokyo kabla ya kutoa pesa yangu, na kila duka nililoingia lilinizidishia imani hiyo.

Kinachotenganisha hizo mbili ni urefu. Upanga unaozidi shaku mbili, yaani kama sentimita 60, ni katana. Kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi, na chini ya hapo ni tanto. Wahunzi ni walewale na chuma ni kilekile cha tamahagane, kinachokunjwa na kufuliwa tena na tena. Ila kila mtu anaitaka katana, ndiyo maana wakizashi ya ubora huohuo hupatikana kwa bei ndogo zaidi. Nilikuwa nimetenga yen 300,000. Katana nilizoonyeshwa kwa kiasi hicho zilikuwa zimechoka: zimepita kwenye vinoo mara nyingi mno, chuma laini cha ndani kimeanza kuchungulia ubavuni. Wakizashi za bei hiyo zilikuwa bado na nyama.

Yangu ina urefu wa sentimita 48.5 na haina sahihi ya mhunzi. Hati yake inasema Sue-Seki, maana yake ni kazi ya wahunzi wa Seki, katika jimbo la kale la Mino ambalo leo ni mkoa wa Gifu, mwishoni mwa enzi ya Muromachi. Hicho kilikuwa kipindi cha vita baina ya watawala wa majimbo, na Seki ilifua panga kwa wingi kwa sababu zilihitajika kwa wingi. Sikununua kazi ya bingwa. Nilinunua silaha iliyofuliwa kwa ajili ya matumizi, na ikatunzwa na watu nisiowajua kwa zaidi ya miaka 400 hadi ikanifikia. Kila nikiifikiria hali hiyo, nawaheshimu sana.

Aliyeniuzia ni mzee mwenye duka dogo. Alinifundisha kwanza kuinama kidogo mbele ya upanga, kisha kuuchomoa alani polepole, makali yakiwa yameelekea juu. Akazima taa kubwa, akaacha balbu moja tu. Hapo ndipo nilipouona hamon, ule mpaka mweupe unaofuata makali. Mhunzi hupaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na mwembamba kwenye makali, halafu huuchovya majini ukiwa mwekundu kwa moto. Makali hupoa haraka yakawa magumu, mgongo ukabaki na uwezo wa kuhimili pigo bila kuvunjika. Katika upanga wangu mpaka huo ni mawimbi, na hapa na pale wimbi linachongoka kama jino la papa. Chini ya taa za kawaida za dukani huoni hata nusu yake, kwa hiyo popote utakapokwenda omba balbu moja na muda wa kutosha.

Baadaye mzee alitoa kijiti cha mianzi kinachoshikilia mpini, akanionyesha msuka, sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kutu yake ni ya kahawia iliyokolea, imetulia, imeenea sawasawa. Usithubutu kuisugua kutu hiyo! Wataalamu huisoma ili kukadiria umri, na ikisafishwa thamani ya upanga huporomoka. Kisha, kabla sijauliza chochote, akaniwekea kidole karibu na ufa mdogo ubavuni, ambapo mkunjo wa chuma haukushikana vizuri. Huo huitwa ware, na kwa upanga wa bei yangu unavumilika. Usiovumilika ni hagiri, ufa unaokatiza makali, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Tazama pia ncha: hamon lazima uzunguke hadi pale, na kama umetoweka jua kwamba ncha ilivunjika ikachongwa upya. Muuzaji anayekuonyesha kasoro mwenyewe anastahili pesa yako.

Kuhusu sahihi, nina msimamo mkali. Anayeanza na pesa kidogo aziogope. Sahihi za uongo zimechongwa kwa karne nyingi, na jina la Nagasone Kotetsu, mhunzi wa Edo wa karne ya 17, limeghushiwa kupita kiasi. Kwenye mnada mmoja wa mtandaoni nilikutana na "Kotetsu" ya bei rahisi isiyo na hati yoyote. Niliipita. Upanga usio na sahihi hauna cha kukudanganyia.

Hati ya uthibitisho ya kuitafuta ni ya NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani kilichoundwa mwaka 1948, baada ya panga nyingi kukusanywa na kuharibiwa wakati majeshi ya Marekani yalipoikalia Japani. Ngazi zake ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Yangu ni Hozon, ngazi ya chini kabisa, na inanitosha. Hati za zamani za Kicho, za kabla ya mfumo huu kuanza mwaka 1982, usizilipie chochote cha ziada, kwa maana zimo zilizotolewa kiholela.

Sikupata kila kitu. Upanga ulikuja ndani ya shirasaya, ala ya mbao isiyopakwa rangi, bila tsuba, yaani kinga ya mkono, wala mapambo, na unoaji wake ni wa zamani, una mikwaruzo myembamba. Kuunoa upya sitajaribu. Wanoaji hutoza kwa kila sun, yaani sentimita 3 hivi, na ukijumlisha na ala mpya unaweza kupita bei ya upanga wenyewe. Ndiyo sababu nasema nunua uliokwisha kunolewa, hata kama ni zamani.

Matunzo ni mepesi: usiguse chuma kwa vidole, futa mafuta ya zamani, paka mapya kidogo sana. Mafuta ya jadi yananukia karafuu, na kwa sisi tuliokulia Unguja hiyo ni harufu ya nyumbani.

Sheria nayo uiheshimu. Kila upanga nchini Japani lazima uandamane na kadi yake ya usajili, torokusho. Pima urefu na hesabu matundu ya msuka, ulinganishe na kadi kabla ya kulipa. Ukishanunua una siku 20 za kuiarifu bodi ya elimu ya mkoa uliotoa kadi hiyo. Panga za kijeshi za Vita vya Pili zilizotengenezwa kiwandani hazisajiliwi, kwa hiyo ukiuziwa mmoja bila kadi, ondoka. Na ukitaka kuutoa upanga wako nchini, omba kibali Bunkacho, idara ya utamaduni ya serikali, na kadi ya usajili utairudisha. Usikate tiketi ya ndege kabla kibali hakijafika.