Duka la vifaa vya maabara, Majengo Moshi: madumu safi, vumbi bure

Anayeshuka Tanga kuchota maji ya bahari ya kupima isotopu za neodimiamu (atomi za uzito tofauti za metali hiyo, ambazo uwiano wake huonyesha maji yametoka bahari gani) atapata hapa karibu kila kitu. Nyota 3 kati ya 5, na zote zimetoka kwenye madumu.

Ni ya polithini laini, lita 10, mfuniko wa plastiki tupu usiobandikwa karatasi ya foili ndani. Ujazo huo ndio unaotakiwa, maana lita moja ya maji ya bahari ina neodimiamu nanogramu 2 au 3 tu. Dumu zima kama 25. Sasa tazama yanavyopangwa: kibarazani, midomo wazi, bodaboda zikipita. Miligramu moja ya vumbi la lava lenye neodimiamu sehemu 50 kwa milioni inabeba nanogramu 50. Asidi inayotiwa kwenye sampuli haiyeyushi punje yote, lakini kidogo kinachoyeyuka kinatosha kuharibu jibu. Kwa kipimo cha epsiloni, yaani uwiano wa isotopu hizo umepishana kiasi gani na ule wa vimondo, maji ya kina ya Atlantiki ya Kaskazini husoma karibu −13, ya Pasifiki karibu −4, ya Bahari ya Hindi katikati, −7 au −8 hivi. Lava ya Kilimanjaro iko juu ya sifuri. Sampuli iliyochafuka itakwambia maji yametoka Pasifiki, kumbe yametoka Majengo. Omba madumu ya stoo, yaliyo bado kwenye mifuko.

Asidi yao ya haidrokloriki ni ya kuoshea tu. Izimue hadi asilimia 10, jaza dumu, liache siku kadhaa huku ukiligeuza kichwa chini ili mfuniko nao uoshwe. Maji ya betri wanayokusukumia hayafai kwa suuzo la mwisho. Asidi ya kushusha pH ya sampuli chini ya 2 iombe kwa maabara itakayopima; bila hiyo neodimiamu hunata kwenye kuta za dumu.

Vichujio vya mikromita 0.45 vipo, vya duara la milimita 47. Huziba upesi, chukua vya akiba, na uchuje kabla ya kutia asidi, la sivyo asidi itanyonya madini kutoka kwenye tope. Glovu ulizia zisizo na unga.

Risiti ya EFD wanatoa bila kuombwa. Mhasibu wa mradi atashukuru. Kabla ya kulipa, tia maji kila dumu, funga, lilaze ubavu dakika 10. Linalovuja wanabadilisha bila maneno.