Tangi la alumini la nyuma kwa C10: tangi lenyewe safi sana, bomba la kujazia ndo lina shughuli

Wadau wa pikapu za zamani, leo naongelea lile tangi la alumini la kufunga chini ya bodi nyuma ya difu, linalouzwa kama seti kamili kwa Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972. Unapata tangi, mikanda miwili, pampu ya ndani, kifloti cha geji, na paketi ya bomba la kujazia na mipira yake. Jina la kampuni naliacha maana seti za namna hii zinafanana sana, na ninayoyasema hapa utayakuta kwenye nyingi.

Kwa asiyezijua hizi gari, tangi la kiwandani liko ndani ya kebini, nyuma ya mgongo wa siti, na mdomo wa kujazia umetokea ubavuni upande wa dereva, nyuma ya mlango. Yani unaendesha huku lita sabini na kitu za petroli ziko mgongoni kwako. Likianza kuzeeka, harufu inajaa kebini hata ukishusha vioo, na siti hairudi nyuma hata kidogo. Toleo lililofuata, la 1973 hadi 1987, GM, wenye Chevrolet, wakalitoa kebini wakaliweka ubavuni nje ya reli za chasisi, ikawa kesi kubwa Marekani kwa sababu gari ikigongwa ubavuni tangi lilikuwa halina kinga na nyingine ziliwaka moto. Ndo maana mimi nasimama na sehemu moja tu, katikati ya reli mbili nyuma ya ekseli, na hii seti imekaa hapo hapo.

Tangi lenyewe nalipa alama zote. Uchomeleaji umenyooka, halina vishimo, na ndani kuna kuta za kuzuia mafuta yasikimbie huku na huko, halafu pampu imekaa kwenye kibakuli chake. Hicho kibakuli ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye injini ya kabureta inayotaka presha ya psi 5 hadi 7 hivi, mafuta yakikimbia kwenye kona sekunde mbili hata hujui, kabureta ina akiba yake kwenye bakuli. Ila ukiweka injini ya LS, ile V8 ya kisasa ya GM, yenye injekshen inataka psi 58 muda wote, pampu ikivuta hewa kidogo tu injini inakata pale pale. Kwahiyo kama mpango wako ni injekshen usinunue tangi tupu lisilo na kuta ndani eti utafunga pampu ya nje, pampu ya nje inapiga kelele, inapata joto na haipendi kuvuta mafuta kwa umbali.

Mikanda nayo iko poa, na wameweka ruba katikati ya chuma na alumini badala ya kitambaa kinachoshika maji. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu inalika taratibu mpaka inatoboka, na utajua siku tangi linavuja.

Sasa tuje kwenye kifloti cha geji. Walichoweka ni kile cha kawaida cha om (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tangi likiwa tupu na 33 likiwa limejaa, wakati geji ya asili ya hizi C10 inasoma om 0 tupu na 90 limejaa, yani kinyume kabisa. Ukivifunga pamoja, tangi likijaa sindano inakaa kwenye theluthi hivi, na likiisha inagonga mwisho upande wa kujaa. Ni mita tu ya om inayotakiwa kuligundua hili kabla hujafunga, pima kifloti kikiwa chini na kikiwa juu. Anayebaki na dashibodi ya asili aagize kifloti cha 0 hadi 90. Anayeweka geji mpya aangalie geji inataka nini, maana Ford za zamani nazo zina zao, 73 tupu na 10 limejaa.

Haya, bomba la kujazia. Hapa nataka tuelewane vizuri maana ndipo watu wanaharibu kazi nzuri. Paketi ina kikombe cha mdomo, kipande kifupi cha mpira wenye mikunjo mikunjo, na mpira mwembamba wa kupumulia. Wanategemea utoboe sakafu ya bodi uweke kifuniko pale juu. Mimi siafiki. Sakafu ya bodi ndo inapokaa mizigo, vumbi na maji ya mvua, petroli ikimwagika kidogo inabaki pale pale kwenye mbao, na siku umepakia kitu kizito juu ya kifuniko huwezi kujaza mpaka ushushe mzigo. Halafu ule mpira wenye mikunjo ukiukunja kona kali unakuwa kama ngazi, mafuta yanagonga kila mkunjo na kurudi juu.

Na mafuta yakirudi juu, nozeli ya sheli inajikata. Kwenye ncha ya nozeli kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa muda wote unapojaza. Mafuta au povu likifunika kile kitundu, hewa inakosekana, mvuto ndani ya mkono wa pampu unapanda na kuachia klachi ya trigger. Haijui kama tangi limejaa, inajua tu kitundu kimezibwa. Kwahiyo gari lenye bomba baya unajaza kwa kubanabana, tak, tak, tak, huku tangi lina robo. Pampu ya sheli inaweza kutoa mpaka lita 38 hivi kwa dakika, na kila lita inayoingia lazima lita ya hewa itoke, sasa kama mpira wa kupumulia ni mwembamba au umejikunja pakatuama mafuta, hewa itatokea wapi? Inatokea pale pale mafuta yanapoingilia.

Nilichofanya mimi ni kuacha kile kikombe cha sakafuni na kutokea ubavuni mwa bodi, nyuma ya tairi, na kimlango kidogo cha kufunga. Bomba la chuma la kipenyo cha inchi 2 na robo, kona pana zilizo laini, vipande vya mpira kwenye maungio tu, na lote linateremka kuelekea tangini bila kutulia popote. Mpira wa kupumulia unatoka sehemu ya juu kabisa ya tangi, unapanda bila kushuka njiani, unarudi kuungana karibu na mdomo. Nilipima kwanza na boksi la karatasi ngumu ukubwa wa tangi, kabla bodi haijarudi juu ya chasisi, maana baada ya hapo kila kitu kinakuwa cha kubahatisha. Hapo hapo angalia ekseli ikipanda mpaka mwisho wake inafika wapi, hasa kama umeishusha gari na kukata chasisi, na ekzosi inapita wapi. Sasa nozeli unaiminya mpaka mwisho na inajikata mara moja tu, tangi likijaa.

Kitu kingine ambacho seti haina kabisa ni waya wa ethi wa mdomo wa kujazia. Mdomo wa chuma ukiunganishwa kwa mpira unakuwa umetengwa na gari, umeme tuli unajikusanya, na upo pale pale penye mvuke wa petroli. Waya mmoja kutoka mdomoni mpaka kwenye chasisi, safisha rangi ufike kwenye chuma, kaza bolti. Kutokuuweka kwenye paketi ya bei hii kumeniudhi kwelikweli.

Na mipira jamani, soma maandishi yake. Ule mfupi ulio ndani ya tangi, unaozama kwenye mafuta, lazima uwe umeandikwa 30R10, yani namba ya daraja la mpira wa mafuta. Ule wa 30R9 unafaa presha ya injekshen lakini ni wa kukaa nje, ukiuzamisha unalainika kutokea upande wa nje. Seti hii wameweka sahihi, pongezi kwao, na valvu ya kuzuia mafuta yasimwagike gari ikipinduka ipo pia.

Nyota nne kwa tangi na pampu, mbili kwa vifaa vya kujazia. Ukiweza, waombe wakuuzie bila ile paketi ya bomba, na wakikuuliza mdomo wa tangi uwe upande gani, usiwajibu mpaka uwe umeshachagua mahali pa kimlango kwenye bodi, maana wanauchomelea kulingana na jibu lako na haurudishwi.