Mpira wa kunyoosha shingo ya farasi: uzoefu wangu baada ya miezi minne, Malindi

Kwanza nyota: mbili kati ya tano, na hiyo ya pili nimeitoa kwa sababu mzigo ulifika na haukukatika. Najua wengi mnauona huu mpira kwenye simu, ile picha ya farasi shingo imekaa kama upinde, mtu anatamani, hata mimi nilitamani, kwa hivyo wacha niseme yaliyotupata mimi na Halua ndo mtu aamue mwenyewe kabla hajatuma pesa.

Halua ni dume aliyehasiwa, miaka 12, kahawia iliyoiva kabisa ndo maana ya hilo jina. Ujana wake alikimbia mbio Ngong kule Nairobi, akastaafishwa, akashuka pwani kubeba wageni. Maji yakipwa tunawatembeza watu upande wa Silversands, riziki yetu ndo hiyo. Sasa farasi wa mbio anakujia na mwili wa mbio, kichwa juu, shingo imekonda upande wa juu na kututumka upande wa chini, ukimtazama ubavuni unasema hii shingo imebandikwa kichwa-chini. Na nyuma ya kile kinundu cha mabegani alikuwa na mashimo mawili, kulia na kushoto, mvua ikimnyeshea karibu maji yatuame pale. Wenye farasi hiyo nyama ya juu yote kuanzia kisogoni mpaka makalioni wanaiita toplaini, na Halua toplaini hakuwa nayo.

Mpira wenyewe ni kamba ya mpira iliyovikwa kitambaa, inapita juu ya kisogo, inashuka kwenye pete mbili za lijamu, kile chuma cha mdomoni, inaingia katikati ya miguu ya mbele na kufungwa kwenye mshipi wa tumbo. Farasi akiinua kichwa unamvuta, akishusha unalegea. Nimelipa 7,800 na usafiri ndani yake, parseli ikaja na basi kutoka Mombasa mwezi wa kumi na moja, kaskazi ndo inaanza na wageni wanaanza kuingia. Kampuni siitaji jina. Tangazo lilisema shingo mpya kwa wiki 6. Ndani ya boksi picha tatu na mistari minne ya maelezo, ukaze kiasi gani hakuna, umwache nao dakika ngapi hakuna, kwa hivyo nikakaza kama nilivyoona kwenye picha na nikawa namzungusha nao kwa kamba ndefu nusu saa kila siku. Hapo kosa ni langu pia, sikatai.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa na raha zangu, kichwa kimeshuka, shingo imejikunja, napiga picha naweka status, watu wananipongeza. Wiki ya tatu nikaanza kuona vitu. Mate yake yana wekundu kidogo pembe ya mdomo. Kisogoni singa zimekatika zimebaki mstari kama wa wembe. Na pua ilikuwa imerudi ndani inaelekea kifuani, ile ambayo hata FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, walishasema mwaka 2010 kwamba kumkunja farasi shingo kwa nguvu hawakubaliani nako.

Lakini kilichonishtua hasa ni mchanga. Siku za bamvua maji yakishatoka ufuo unakuwa mpana na mchanga mgumu, unyayo unachapika kama muhuri. Farasi anayetembea vizuri, kwato ya nyuma inaingia kwenye alama ya kwato ya mbele au inaipita kidogo. Nikarudi nyuma kuangalia alama za Halua, mguu wa nyuma unaishia shibiri nzima kabla ya alama ya mbele, na mbele ya kila alama kuna mfereji mdogo, yaani anaburuza ncha ya kwato. Na kabla ya mpira hakuwa hivo, mgongo mbaya alikuwa nao lakini miguu ilikuwa inafika.

Kuna mzee hapa alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka mingi, siku hizi anakaa tu kivulini anatutazama, akaniita.

"Mwanangu, huyo umemfunga kama mbuzi wa kuchinjwa, shingo itaota saa ngapi?"

Nikamwambia, "Sasa mzee wangu nifanyeje, mgongo hana."

"Mgongo wake uko tumboni," akasema, akarudi kunywa kahawa yake.

Sikumuelewa siku ile. Nimekuja kumuelewa daktari wa mifugo alipokuja. Mgongo wa farasi ni kama daraja, kinachouinua ni misuli ya tumbo kwa chini na miguu ya nyuma inayoingia ndani kusukuma. Ni kweli kuna kano kubwa inatoka kisogoni mpaka mabegani, farasi akishusha kichwa mwenyewe na kunyoosha pua mbele ile kano inavutika na mgongo unapanda, na hapo ndo wenye kuuza mipira wamepatia hoja yao. Ila akishushwa kwa kuvutwa anafanya moja kati ya mawili, ashindane na mpira kwa misuli ya chini ya shingo, ile ile usiyoitaka, au ajifiche nyuma ya lijamu asifanye kazi yoyote. Halua alifanya yote mawili, wiki hii hili wiki ijayo lile.

Daktari aliangalia meno, akachukua kinyesi kupima minyoo, alafu akaniambia nipitishe mkono chini ya tandiko likiwa limefungwa. Jamani. Vidole vilikwama pale pale penye mashimo. Tandiko nilinunua pamoja na farasi na sikuwahi kulifikiria, kumbe ni jembamba kwake, linambana nyuma ya mabega kila siku ya Mungu, na msuli unaobanwa hauoti hata umlishe nini. Yaani mimi nimeenda kununua mpira wa shingo na ugonjwa uko kwenye tandiko. Nikapumzisha wapanda wiki nne, katikati ya msimu, mnajua wenyewe hiyo ni pesa ngapi, nikaazima tandiko pana zaidi mpaka nilipopata la kununua. Na uzito nao nikaweka sheria: Halua ana kama kilo 450, mpanda pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya hiyo, yaani 90. Wageni wengine wananuna, wanune tu.

Kilichomjenga ni karoti. Mwaka 2011 kulitoka utafiti wa akina Hilary Clayton, daktari wa mifugo anayechunguza mwendo wa farasi, farasi 8 waliokuwa hawafanyi kazi walifanyishwa mazoezi ya kufuata chambo kwa pua, siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, na ile misuli midogo ya ndani inayoshika uti wa mgongo ikanenepa. Ni bure kabisa. Unasimama ubavuni na karoti, unamvuta taratibu pua ifike kifuani, alafu katikati ya magoti, alafu chini kwenye vifundo vya miguu, alafu pembeni mpaka kiunoni kulia na kushoto, kila pahali anashikilia sekunde chache, mara tano. Usiirushe karoti wala kumharakisha, akikwapua na kurudi haijasaidia kitu. Siku ya kwanza Halua alifika magotini akaanza kutetemeka ubavu, na nikaona tumbo linapanda juu kama mtu anayevuta pumzi avae suruali inayombana, nikasema ala, kumbe mzee alimaanisha hivi.

Pamoja na hayo nikanunua mazio manne, yaani miti mirefu ya mikoko, kwa wauza boriti, nikayalaza chini sentimita 80 hivi kutoka moja hadi lingine, anayavuka kwa mwendo wa kutembea shingo ikiwa huru, lazima aangalie chini na ainue miguu. Mchanga mgumu tu, ule laini wa juu unaumiza kano za miguu haraka sana hasa farasi mzee. Na siku bahari ikitulia tunatembea kwenye maji ya magotini dakika kumi.

Chakula sitasema sana. Nyasi za kukausha kilo 9 kwa siku kwanza kabla ya kitu kingine. Nilikuwa nampa machicha ya nazi mengi kwa sababu hapa yako tele, nyama hayakuweka, manake protini yake ina lisini kidogo, kile kirutubisho cha kujengea nyama, na farasi akipungukiwa lisini misuli haijengeki, na yakikaa joto hili yanachacha siku hiyo hiyo. Sasa anapata luseni, yale majani ya malisho, na soya iliyokaangwa, nusu kilo, machicha nimewaachia kuku.

Kujua kama anaota au najidanganya nilichukua waya mnene wa umeme, nikaukunja juu ya mgongo wake nyuma ya mabega ukashika umbo, nikauweka kwenye kadibodi nikachora kwa kalamu. Kila mwisho wa mwezi nachora mstari mpya juu ya wa zamani. Mwezi wa kwanza mistari imelaliana, nikakata tamaa kidogo. Wa pili kwa mbali. Wa tatu mstari umefura pande zote mbili upana wa kidole, na mashimo ukiyatafuta unayapapasa kwanza. Shingo imeanza kujaa juu, chini imelainika, mpira sijamfunga hata siku moja kwenye hiyo miezi mitatu.

Je mpira hauna kazi kabisa? Labda kwa mtu mwenye jicho, uwe umelegea kiasi kwamba farasi akisimama kawaida haumgusi, dakika tano mpaka kumi, pua ibaki mbele siku zote. Usimfunge mtini akiwa nao, usiingie nao baharini, na mpanda mgeni asiwe juu, manake farasi akijikwaa anahitaji shingo yake kujiokoa. Na kabla ya yote pitisha mkono chini ya tandiko lako.

Kijana mmoja wa Watamu ameniandikia anautaka kwa nusu bei. Nimemwambia anitumie kwanza picha ya nyayo za farasi wake kwenye mchanga mgumu, tangu juzi hajajibu.